Je, nchi iingie katika Baraza lenye kasoro?

Ndugu, umeuliza kama inafaa nchi inayojiheshimu kuketi katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ilhali miongoni mwa wanachama wake 47 zimo serikali zinazotesa raia wake. Ushauri wangu ni kwamba iingie.

Tazama suala la Burundi. Mwaka 2016 nchi hiyo ilikuwa mwanachama, na hata hivyo mwezi Septemba Baraza liliunda tume ya kuchunguza mauaji na utesaji uliofuata mgogoro wa 2015, kwa kura 19 dhidi ya 7, huku nchi 21 zikijizuia kupiga kura. Serikali ikawanyima wachunguzi ruhusa ya kuingia, nao wakawahoji wakimbizi katika nchi jirani. Waliosema ndiyo hawakufika hata nusu ya wanachama. Lau wengi wao wangesusia viti vyao kwa kuchukizwa na majirani zao ukumbini, wakimbizi hao wangemweleza nani yaliyowapata?

Marekani ilijitoa mwaka 2018 ikilalamikia, pamoja na mengine, kipengele cha 7 cha ajenda kinachoihusu Israeli peke yake, na lalamiko hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa na uzito. Lakini kipengele hicho kilibaki palepale.

Sharti langu ni moja: nchi inayoingia ikubali kuchunguzwa yenyewe, na waziri wake aeleze bungeni kila kura iliyopigwa kwa jina la wananchi.