Maswali ya Wasomaji: Mafunzo Nimeyatazama, Kazi Imenishinda

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina umri wa miaka 24 na ninaishi Morogoro. Tangu mwaka jana ninajifunza kuhariri video kwa kutazama mafunzo ya mtandaoni, na nikimfuata mwalimu hatua kwa hatua huwa ninapata anachokipata yeye: mtu kujigawa wawili, maandishi kupita nyuma ya mtu, mandhari kubadilishwa kwa pazia la kijani. Mwezi uliopita jirani alinipa harusi ya binti yake niihariri. Nilikaa mbele ya kompyuta siku mbili bila kujua nianzie wapi, na madoido niliyoyajua yalipoingia yalitoka vibaya. Je, nimechagua walimu wabaya, au sasa nilipie kozi?
Mpiga picha chipukizi

JIBU: Marahaba. Walimu wako huenda hawana kosa lolote. Kinachokukwamisha ni kwamba kila fundisho ulilolitazama lilijibu swali ambalo wewe hukuwa umejiuliza, tena kwa picha ambazo mwalimu alizipiga makusudi ili jibu lake likubali, ilhali harusi ya jirani yako haikupigwa kwa kusudi hilo.

Tulichukue hilo doido la mtu kujigawa wawili. Asili yake ni ya zamani: mwaka 1896 Mfaransa Georges Méliès alimfanya mwanamke atoweke kitini kwa kusimamisha kamera, kumwondoa mwanamke huyo, kisha kuendelea kupiga kamera ikiwa palepale. Siri yote imo katika neno hilo la mwisho. Programu za leo hukata kipande cha picha ya kwanza kwa maski, yaani umbo unalolichora kuonyesha sehemu gani ya picha ibaki, na kukilaza juu ya picha ya pili, lakini haziwezi kuficha mshono ikiwa kamera ilitikisika, au ikiwa simu ilijirekebishia mwanga yenyewe mtu alipohama upande, ukuta ukawa mweupe kulia na wa kijivu kushoto. Mwalimu wako aliiweka simu kwenye stendi, akafunga mwanga na fokasi, na pengine alilitaja jambo hilo kwa sekunde tano tu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Nina hakika sekunde hizo uliziruka; sote tulianza kwa kuziruka.

Pazia la kijani nalo lina hadithi hiyohiyo. Ukimsimamisha mtu karibu nalo, kivuli chake huangukia kitambaa na rangi ya kijani humrukia mabegani, kisha unahangaika saa nzima kwenye programu kusafisha kitu ambacho kingeondoka kwa kumsogeza mita mbili mbele na kuliangazia pazia kwa taa zake lenyewe. Mwangalie pia alichovaa, maana kanga yenye majani ya kijani itatoboka kila penye jani, na mandhari yako mpya itaonekana kupitia tumboni mwake.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo kutoka Marekani hayatakwambia, kwa sababu kwao si tatizo. Wengi wa walimu hao husema upige fremu 30 kwa sekunde, yaani picha tuli 30 zinazounda kila sekunde ya video, na shata, muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/60 ya sekunde. Umeme wao una mizunguko 60 kwa sekunde, ila wa Tanzania na Kenya una 50, kwa hiyo ukiyafuata maagizo hayo ukumbini chini ya baadhi ya taa utaona michirizi ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha. Kwetu ni salama zaidi kupiga fremu 25 na shata 1/50.

Sasa turudi kwenye harusi. Usiguse doido lolote kwanza. Tazama picha zote mpaka mwisho ukiwa na daftari, uandike dakika ya kila jambo linalokufanya uache kutazama saa: mama akifuta chozi, bwana harusi akikosea kidole cha pete, shangazi akimzuia mpiga ngoma. Yapange hayo peke yake, na mengine yaingie pale tu yanapohitajika kuyaunganisha. Kisha shughulikia sauti kabla ya rangi. Chukua mahali bibi harusi anapoingia: wanaoanza hukata picha na sauti pamoja, hivyo vigelegele huanza ghafla mlango ukishafunguka. Vivute vigelegele nyuma kwa sekunde moja na nusu, visikike wakati macho yetu yangali kwa bwana harusi anayejifuta jasho, ndipo ukate kwenda mlangoni. Mtazamaji atageuka moyoni kabla picha haijageuka. Hakuna programu inayoliuza hilo kama doido, ila mimi nisingelibadilisha kwa madoido kumi ya kung'aa.

Ukifika hapo ukagundua kwamba hujui namna ya kutenganisha sauti na picha katika programu yako, ndipo utafute fundisho, na utalitafuta kwa jina la tatizo hilo na toleo la programu uliyonayo, kwa kuwa menyu huhamahama kila toleo. Litazame, lifunge, kisha lifanye kwenye harusi yako bila kurudi kuangalia. Ikiwa ni YouTube na hatua inakupita haraka, simamisha video kwenye kompyuta, ubonyeze kitufe cha nukta (.) kusonga mbele fremu moja na cha mkato (,) kurudi nyuma.

Kuhusu kulipia kozi, subiri. Kampuni ya Blackmagic Design hutoa programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve, toleo la bure, pamoja na vitabu vya mafunzo na picha za mazoezi, vyote bila malipo kwenye tovuti yake. Vimalize hivyo kwanza.

SWALI: Mimi hurekodi mihadhara ya ustadhi wetu kwa simu, na sauti huinasa kwa kinasa sauti cha pembeni. Mwanzoni midomo na sauti huenda pamoja, lakini kufikia dakika ya 40 huwa vimeachana. Mafunzo yote niliyoyaona hunieleza nipige kofi la mikono mbele ya kamera mwanzoni tu, ili mlio wake unisaidie kulinganisha sauti na picha.
Mwalimu wa madrasa, Mombasa

JIBU: Ustadh, kofi hutibu ugonjwa mwingine. Tofauti ikiwa ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kofi linatosha, maana utaisukuma sauti mara moja na kazi imekwisha. Tofauti inayokua kidogo kidogo mara nyingi hutokana na simu kutopiga idadi thabiti ya fremu kwa kila sekunde. Mwanga ukipungua hupunguza fremu, ukirudi huziongeza, na baadhi ya programu za kuhariri huzihesabu kana kwamba zote ni sawa. Ipitishe video kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza faili za video, na katika sehemu ya video uchague idadi thabiti ya fremu, 25 au 30 kulingana na ulivyopiga, kisha uhariri faili litakalotoka. Tofauti ndogo inaweza kubaki hata hivyo, kwa kuwa saa ya kinasa na saa ya simu haziendi sawa kabisa. Piga kofi la pili mwishoni mwa mhadhara upate kuipima, ukate sauti pale ustadhi anaponyamaza kunywa maji, na kila kipande ukisogeze fremu moja au mbili.