Maswali ya Wasomaji: Je, Vijijini Watu Wanakwisha?

SWALI: Kwetu vijana wakimaliza shule tu wanaondoka. Nasikia sensa ya 2022 imeonyesha kuwa watu wa mjini wameongezeka sana. Ina maana vijiji vya Tanzania vinabaki vitupu? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kinachoshuka ni asilimia ya wanaoishi vijijini. Idadi yao inapanda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na asilimia 29.6 kati yao waliishi mijini. Mwaka 2022 tulifika 61,741,120, mijini wakiwa asilimia 34.9. Sasa geuza asilimia hizo ziwe vichwa. Mijini wametoka milioni 13.3 hadi takriban milioni 21.5. Vijijini wametoka milioni 31.6 hadi takriban milioni 40.2. Ukitoa, utaona vijiji vimeongeza watu kama milioni 8.6 na miji milioni 8.2. Yaani pamoja na mabasi yote yaliyojaa vijana, vijiji bado vimeongeza watu wengi kuliko miji.

Sababu kubwa ni uzazi. Utafiti wa afya na uzazi wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 5.5 kwa mwanamke wa kijijini na 3.6 kwa wa mjini. Anayeondoka anaacha nyuma wadogo zake kadhaa.

Tena si kila aliyeongezeka mjini amehamia. Wengine wamezaliwa hukohuko, na wengine hawajasogea hata hatua moja: kijiji kilichokuwa kando ya barabara kimejaa maduka na nyumba za kupanga, sensa iliyofuata ikakiweka kwenye hesabu ya mji.

Jambo hili lina uzito. Halmashauri ikisoma asilimia peke yake itadhani madarasa ya kijijini yatapungukiwa watoto, kumbe wanazidi. Na shamba ni lilelile, linagawanywa kwa warithi wengi zaidi.

SWALI: Kasi ya ongezeko la watu Dar es Salaam imeshuka kutoka asilimia 5.6 kwa mwaka (2002 hadi 2012) hadi 2.1 (2012 hadi 2022). Watu wamelichoka jiji? (Msomaji, Kibaha)

JIBU: Jibu liko hapo hapo unapoishi. Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Katika miaka hiyohiyo mkoa wenu wa Pwani ulitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, kasi ya asilimia 6.1 kwa mwaka. Kiwanja kikipanda bei, watu huvuka mpaka wa mkoa wakajenga Kibaha au Mkuranga, na wengi wanaendelea kufanya kazi Dar. Jiji linakua, ila limevuka mstari ambao takwimu za mkoa zinaishia. Anayetaka kulijua Dar la leo asiishie kwenye takwimu za mkoa mmoja. Asome Dar na Pwani pamoja.

SWALI: Nifanyeje nipate mwenyewe kasi ya ongezeko la watu kwa mwaka? Nimegawanya ongezeko la nchi kwa miaka 10 nikapata 3.7, vitabu vinasema 3.2. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Umechukua asilimia 37 ukaigawa kwa 10. Hiyo inasahau kwamba waliozaliwa mwaka wa pili nao huingia kwenye hesabu ya mwaka wa tatu, kama riba juu ya riba. Fanya hivi: gawanya 61,741,120 kwa 44,928,923, utapata 1.374. Bonyeza kitufe cha ln kwenye kikokotoo: 0.318. Gawanya kwa miaka 10, zidisha kwa 100: 3.2. Ukitaka kujua watu wataongezeka mara mbili baada ya muda gani kwa kasi hiyo, gawanya 69 kwa 3.2. Ni kama miaka 22.

SWALI: Mbona Mwanza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.9 mwaka 2002, kisha milioni 2.77 mwaka 2012? (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Mkoa ulimegwa. Geita ilitangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ikachukua maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mwaka huohuo zikazaliwa Simiyu, Njombe na Katavi. Songwe ikafuata 2016, ikitoka Mbeya. Kabla ya kulinganisha sensa mbili, linganisha mipaka kwanza. Njia salama ni kushuka hadi wilaya, uzijumlishe upya kwa mipaka ya leo. Wilaya nazo hugawanywa, kwa hiyo wakati mwingine utalazimika kufika kwenye kata.

SWALI: Mtu wa Moshi anayefanya biashara Arusha huhesabiwa wapi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kilimanjaro ya Agosti si Kilimanjaro ya Krismasi, wenyeji wanaporudi nyumbani.