Masika yapi hayo?

Msomaji wetu wa Chamwino ametumiwa picha na mwanawe anayesoma Ujerumani: ua la manjano lililotokeza kwenye udongo mtupu mwezi Machi, bua lake halina jani ila magamba, na chini yake kijana ameandika "alizeti mwitu ya masika". Mzazi anauliza kama jina hilo ni sahihi.

Kuhusu mmea wenyewe sina maneno mengi. Ni wa jamii ya alizeti kweli, kwa kuwa tunachokiita ua moja ni vijiua vingi vilivyosongamana kwenye kitako kimoja. Na kwa kuwa huchanua kabla ya kutoa majani, naona ndio ule ambao wataalamu huuita Tussilago farfara, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kikohozi, maradhi ambayo ulitumiwa kuyatibu tangu kale. Alizeti tunayolima Kongwa hukauka na kufa ikishakomaa. Huu huishi miaka kadhaa kwa mashina yaliyo chini ya ardhi. Tena "zeti" ni mafuta kwa Kiarabu, na mmea huu haukamuliwi hata mafuta ya kukaangia andazi moja.

Kinachoniudhi ni hayo "masika". Nimechoka kusoma tafsiri zinazosema "theluji ikayeyuka, masika yakaingia". Masika gani yasiyo na jembe? Masika ni mvua: kwa watu wa pwani ni zile za Machi hadi Mei, na kwetu Dodoma, tulio na msimu mmoja tu wa mvua, ni kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Ulaya majira wanayoyaita hivyo huletwa na jua linalorudi baada ya baridi, si na wingu. Wenye kosa hilo ndio hao hao wanaoandika kwamba miti "hupukutisha majani wakati wa vuli", ilhali vuli ni mvua, nayo mvua huotesha majani. Mbuyu wetu hupukutika kiangazi, na mtoto yeyote aliyechunga mbuzi analijua hilo.

"Majira ya kuchipua" nalo si neno tamu, lina harufu ya darasani, lakini halidanganyi, nami nimekwisha kulizoea. Mwambie mwanao aandike hivyo, au aandike Machi tu, mwezi ambao sisi huku bado tunaomba mvua isikatike.