Mgao upo, mbona watoto wanadumaa?

Umeuliza kwa nini watoto wanadumaa ilhali kaya zao zinapata mgao wa nafaka kila mwezi. Kushiba si kulishwa vizuri, ndugu yangu. Nafaka inatia nguvu, lakini protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A zinatoka zaidi kwenye kunde, mayai, samaki, mboga na matunda. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, ndizo za kuwahi: maziwa ya mama pekee miezi 6, kisha chakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonya. Na maji machafu msiyasahau, kuharisha kunafuta kila alichokula. Mimi hupenda kuuliza miradi: mnahesabu magunia au mnapima watoto? Mzunguko wa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituo cha afya leo hii.