Nyanya anatema uji, nao wasema ni uzee tu

Swali: Shikamoo daktari. Nawaangalia wazee katika nyumba moja ya kulea wazee hapa Kisauni. Kuna nyanya wa miaka 82, ana meno ya bandia juu na machache yake mwenyewe chini. Amesahau mambo mengi. Wiki ya tatu sasa anakataa chakula, hata uji anautema. Nikimgusa mdomo ananipiga mkono. Wenzangu wasema ni uzee tu. Nifanyeje? – Mlezi, Kisauni

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo neno "uzee tu" ndilo lililonichelewesha kwa mama yangu mzazi. Alianza kukataa mkate wa sinia, kisha muhogo wa nazi, mwisho ikawa ni chai peke yake. Tukambadilishia mapishi, tukamsomea dua. Siku nilipomtazama kinywani, meno ya bandia yalikuwa yamemkata ufizi hadi kidonda. Bado yaniuma.

Basi mtazame. Usimsimamie mbele, keti ubavuni pake, mwangaza wa dirisha umwelekee. Mpe mswaki aushike, kisha uweke mkono wako juu ya wake muanze pamoja. Akili husahau, mkono mara nyingi hukumbuka. Akikataa mwache, urudi baada ya nusu saa. Usimlazimishe.

Yale ya bandia yatoe. Ufizi wa juu ukiwa mwekundu sana, au una utandu mweupe, huenda ni fangasi, nao hustawi chini ya meno yanayolaliwa usiku. Yasugue kwa brashi laini na sabuni. Dawa ya meno huyakwaruza, maji ya moto huyapinda. Tandika taulo kwenye beseni, yakikuponyoka yasivunjike. Usiku yalale kwenye kikombe cha maji kilichoandikwa jina lake, maana nimeshaona wazee wawili wamevishwa meno ya wenzao.

Meno yake ya chini yapige mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mbaazi. Kama anameza vidonge vya presha, baadhi yake hukausha kinywa, na kinywa kikavu huozesha meno haraka. Mpe maji funda kwa funda, si peremende.

Wakikuuliza wenzako kwa nini unajisumbua, waambie vijidudu vya kinywani hushuka na mate hadi mapafuni, na nimonia inaua wazee.

Lakini wiki tatu bila kula ni nyingi. Mwambie msimamizi wako leo, apelekwe kwa daktari wa meno wiki hii hii. Hospitali Kuu ya Pwani ina idara ya meno. Kidonda chochote cha kinywa kilichopita wiki 2 bila kupona lazima kionwe. Waulize wanawe kama alikuwa akila tambuu, maana popoo iliyomo ndani yake huleta saratani ya kinywa, na daktari atataka kulijua hilo kabla hajamfungua mdomo.