Unataka uzamili wa mipango miji? Tafuta viatu kwanza

Wiki hii kuna msomaji wa Mbagala kaniandikia: "Dada, nimepata nafasi ya uzamili wa mipango miji na mikoa. Nijiandae vipi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili niendelee na shughuli zangu, ila swali hili naulizwa kila udahili ukifunguliwa, na nina yangu ya moyoni. Basi na wengine msome.

Muhula wa kwanza sina la kuwasimulia. Ni madarasa, na kazi za kikundi ambazo mmoja anafanya, wengine wanaandika majina. Utapita. Shughuli yenyewe ni siku unapoambiwa ulete mada ya tasnifu.

Hapo wengi hukimbilia mada kubwa kubwa. "Utekelezaji wa mipango kabambe Dar es Salaam." Mpango kabambe ni ule unaopanga mji mzima kwa miaka mingi mbele. Ukishaandika kichwa hicho, sura ya pili unaijaza kwa kunakili tu: mpango wa 1949 wa kampuni ya Sir Alexander Gibb, wa 1968 wa Project Planning Associates ya Kanada, wa 1979 wa Wakanada wengine, Marshall Macklin Monaghan. Historia hiyo ijue, sikatai. Huo wa 1949 hasa, maana uliuendeleza mgawanyo wa rangi kwa jina la ujazo, yaani nyumba zibanane kiasi gani kwenye eneo: ujazo mdogo kwa Mzungu, wa kati kwa Mhindi, mkubwa kwa Mwafrika. Leo ukitafuta kiwanja bado unaulizwa ujazo gani, na hakuna anayeshtuka. Lakini kuijua ni jambo moja, kuirudia kurasa arobaini ni jambo jingine.

Mimi nilipeleka vichochoro vya Manzese, hapahapa Dar. Nilitaka kujua njia za miguu zinamezwaje na nyumba, na nani anaamua zikome wapi. Siku ya kutetea pendekezo, mjumbe mmoja wa jopo akavua miwani: "Kwa hiyo binti, unaomba shahada ya uchochoro?" Ukumbi mzima ukacheka. Na msimamizi wangu akacheka. Mtaniambia nisamehe na kusahau. Kusamehe nimesamehe.

Nikaenda Manzese hivyohivyo. Kabla ya hapo kuna safari ya barua, na hii ijueni mapema: barua ya chuo inapita mkoani, inashuka wilayani, manispaa, kwa mtendaji wa kata, ndipo inafika ofisi ya mtaa. Ianzeni mapema. Pale mtaani, mwenyekiti akanipa mjumbe wa shina, mama mmoja muuza vitumbua, na yule mama ndiye aliyenifundisha kazi kuliko mtu yeyote mwenye joho.

Nilikuwa nimeshika futi kamba, napima upana kati ya kuta mbili, ananitazama tu. Mwisho akasema, "Mwanangu, unapima pasipo. Tazama juu." Nikatazama bati. Akanionyesha chini mstari wa vishimo kwenye mchanga, mvua inapodondokea kutoka kwenye bati. "Eneo la mtu linaishia hapo. Akitaka kuongeza chumba anaanza kwa kurefusha bati. Mwaka huu bati, mwakani tone limesogea, mwaka wa tatu anapandisha ukuta. Ukimuuliza, anakwambia tone ni lake." Kisha akanionyesha kona ambayo jeneza halikati, wanaliinua juu ya vichwa. Gari la zimamoto hata msiliulize.

Jambo hilo halimo kwenye Sheria ya Mipango Miji ya 2007, wala hulioni kwenye picha ya angani, kwa sababu picha inaona bati, haioni ugomvi wa chini yake. Likawa sura ya nne ya tasnifu yangu. Siku ya utetezi wa mwisho nilichora lile bati ubaoni hatua kwa hatua, na jopo likaacha kupekua simu. Nilifaulu, tena vizuri, na naomba mniruhusu nijisifu kidogo.

Sasa ushauri. Nenda uwandani. Nenda kabla hujaandika pendekezo, siyo baada. Chagua mtaa unaofikika kwa nauli yako, utembee asubuhi, utembee jioni, utembee mvua ikinyesha. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi pale ambapo mchoro wa mipango miji haukutangulia nyumba. Halafu sisi tunajifungia maktaba tunaandika kuhusu Singapore! Jamani. Mpanga miji asiyejua mvua ya masika inapita mlango wa nani atakuja kuwabomolea watu kwa kalamu, na atalala usingizi. Nimewaona, wako maofisini, wana magari.

Msimamizi mtafute mwenyewe mapema, muulize kabisa mara ya mwisho alikwenda lini mtaani. Akikasirika, umeshajibiwa.

Na wewe wa Mbagala uliyeniuliza kuhusu programu za ramani: usinunue kitu. QGIS ni ya bure, na data za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 kwa wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao hapa Dar, ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Angalia kama mtaa wako umechorwa. Kama mifereji imerukwa, tayari una mada.