Uraia bila vitabu

Mwalimu mwenzangu wa Arua, Uganda, umeuliza utafundishaje uraia kwa kuwa sasa ni somo la lazima shuleni kwenu, vitabu hamna na kipindi ni kimoja kwa wiki. Usisubiri vitabu. Anza na Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 17: wajibu wa raia, ukiwemo kupambana na rushwa. Kisha uchaguzi wa viranja: daftari la wapiga kura, kura ya siri, hesabu ubaoni mbele ya wote. Mwalimu mkuu aking'ang'ania kuteua viranja wake mwenyewe (wengi hung'ang'ania), mwombe akuachie walau kiranja wa chakula. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye mwalike, wanafunzi wamuulize pesa anazotoza kwa kugonga muhuri barua huenda wapi. Vyama vya siasa viache nje ya darasa.